Kukopa Tena Baada ya Jina Kuingia CRB: Mwongozo Kamili kwa Mkopaji wa Kenya

Wengi hukwama mahali pamoja. Deni limelipwa, risiti ipo, mtu anaingia benki na matumaini yake, na bado anaambiwa mfumo umemkataa. Wengine walifilisika kabisa: duka lilifungwa, madalali wakabeba vyombo, na sasa biashara mpya imeanza kusimama lakini hakuna wa kuwakopesha hata mtaji wa gunia la sukari.

Dawa ya deni ni kulipa, ndivyo tulivyolelewa. Kwa CRB, yaani kampuni zinazohifadhi kumbukumbu za mikopo ya watu, kulipa peke yake hakutoshi. Aliyekukopesha lazima apeleke taarifa kwamba umelipa. Taarifa hiyo lazima ionekane katika ripoti zako zote tatu, moja kwa kila kampuni ya CRB. Kisha lazima ujenge kumbukumbu mpya nzuri, kwa kuwa ile mbaya haifutiki siku hiyo hiyo. Wanaoshindwa huwa wameruka mojawapo ya mambo haya, na mara nyingi ni lile la katikati.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Kwa mtu mwenye madeni ya kawaida na kipato kidogo cha uhakika, jipe mwaka mmoja hadi miwili. Anayekuahidi wiki mbili anataka pesa zako.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Kitambulisho cha taifa na PIN ya KRA, pamoja na nakala zake.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, hasa ile uliyokopea. Kama uliitupa, jaribu kuirudisha kwa kampuni ya simu, maana mikopo ya simu hufuata nambari.
- Barua pepe unayoifungua mara kwa mara.
- Taarifa ya M-Pesa ya miezi 6 hadi 12. Inaombwa kupitia *334# na kutumwa kwa barua pepe.
- Taarifa ya akaunti ya benki ya kipindi hicho hicho.
- Mikataba ya mikopo, barua, SMS za madai, na jumbe zote za kuthibitisha malipo.
- Daftari moja na faili moja. Kila simu utakayopiga, andika tarehe, jina la aliyekuhudumia na alichosema.
- Kwa aliyetangazwa mufilisi na mahakama: nakala ya amri ya mahakama, na hati ya kuondolewa ufilisi kama tayari unayo.

Usidharau daftari. Mzozo na benki ukifika mbali, mwenye tarehe na majina husikilizwa kuliko anayesema "niliambiwa na dada fulani pale kaunta."

## Hatua ya 1: Chukua ripoti zote tatu

Kenya ina kampuni tatu za CRB zenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kila moja ina hifadhi yake. Mkopeshaji mmoja anaweza kuwa amekurekebisha kwa moja na kusahau nyingine mbili, na benki unayokwenda kuomba mkopo huenda inatazama ile iliyosahauliwa. Hapo ndipo "nimelipa lakini wananikataa" huzaliwa.

Sheria inakupa haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka kutoka kwa kila kampuni. Metropol inafikiwa kwa *433#, TransUnion ina programu ya simu iitwayo Nipashe, na Creditinfo ina tovuti yake. Pia, benki ikikunyima mkopo kwa sababu ya kilichomo katika ripoti, inapaswa kukuarifu hivyo. Iombe barua au ujumbe wa kusema hilo, nawe una haki ya kuomba ripoti hiyo uione bila kulipa.

Usichanganye vitu vitatu. Ripoti ni orodha ya mikopo yako yote, mizuri na mibaya. Alama ni nambari inayokokotolewa kutokana na ripoti. Kwa Metropol huanzia 200 hadi 900. Cheti ni karatasi ya kuonyesha kwamba huna mkopo uliokwama, ile inayodaiwa na waajiri wengi. Watu hukimbilia cheti kwa sababu mwajiri anakitaka, lakini kinachokusaidia kurekebisha mambo ni ripoti. Anza na ripoti.

Ukiipata, soma kila mstari: jina la mkopeshaji, kiasi cha awali, kiasi kilichobaki, siku za kuchelewa, hali ya mkopo, na tarehe ya mwisho taarifa ilipoletwa. Mkopo uliochelewa kwa zaidi ya siku 90 ndio unaohesabiwa kuwa umekwama. Tazama pia sehemu inayoonyesha ni nani aliyeulizia jina lako na lini.

Hatua hii imekamilika ukiwa na ripoti tatu mezani na ukurasa mmoja wa daftari wenye orodha ya kila deni linalotajwa popote, hata likiwa la KSh 700.

## Hatua ya 2: Pinga kilicho na makosa kabla ya kulipa chochote

Gawa orodha yako katika mafungu matatu: madeni ya kweli, madeni yenye makosa, na madeni usiyoyajua kabisa.

Makosa ya kawaida ni haya. Deni lililolipwa bado linaonekana. Deni moja limeandikwa mara mbili, mara ya kwanza kwa jina la benki na ya pili kwa jina la huduma yake ya mikopo ya simu. Kiasi si sahihi. Au umeorodheshwa kwa deni lisilofika KSh 1,000, jambo ambalo kanuni za CRB za mwaka 2020 zimelikataza.

Kabla ya kukuorodhesha, mkopeshaji alipaswa kukupa taarifa ya siku 30. Kama hukuipata, liandike hilo katika malalamiko yako. Halitafuta deni la kweli, lakini linaonyesha kwamba utaratibu haukufuatwa na linakupa nguvu ya kuzungumza.

Peleka pingamizi kwa maandishi kwa kampuni ya CRB, na nakala kwa mkopeshaji. Ambatisha kitambulisho, ukurasa wa ripoti wenye kosa, na ushahidi wako. Andika kosa moja kwa aya moja: mkopo upi, kosa lipi, unataka kirekebishwe nini. CRB italipeleka swali kwa mkopeshaji, kwa sababu yeye ndiye aliyeleta taarifa na ndiye mwenye kuithibitisha au kuirekebisha. Ndiyo maana nakala mbili ni muhimu: usingoje ofisi moja imuulize mwenzake kwa niaba yako.

Deni usilolijua lichukulie kwa uzito wa pekee. Huenda kuna mtu aliyekopa kwa kitambulisho chako. Piga ripoti polisi, pata nambari ya OB (ya kitabu cha matukio cha kituo), uiambatishe katika pingamizi. Usilipe "ili yaishe", kwa maana kulipa kunasoma kama kukiri. Mkopeshaji akikaa kimya, hatua inayofuata ni malalamiko kwa Benki Kuu ya Kenya, na kama data zako zimetumiwa vibaya, kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Onyo. Mitandaoni wamejaa watu wanaotangaza kwamba "wanafuta CRB" kwa elfu mbili au tatu. Taarifa ya kweli haifutwi na mtu wa mtaani, wala na rafiki aliye ndani. Inarekebishwa na mkopeshaji aliyeileta, au na CRB baada ya pingamizi kukubaliwa. Mbali na kupoteza pesa, unakuwa umempa mgeni kitambulisho chako na nambari zako za siri, na hivyo ndivyo madeni usiyoyajua huanza.

## Hatua ya 3: Hesabu deni la kweli, kisha ufanye makubaliano

Wengi hulipa kiasi chochote wanachotajiwa kwenye simu na mkusanya madeni. Usifanye hivyo. Omba mchanganuo: deni la msingi, riba, adhabu na gharama, kila moja peke yake.

Sababu ni hii. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki, kilichoanza kutumika mwaka 2007, kinaweka kikomo. Mkopo wa benki ukishakwama, riba itakayoendelea kudaiwa haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwapo siku mkopo ulipokwama. Tuseme siku hiyo ulibakiza KSh 80,000 za msingi. Riba inayoweza kuongezwa haivuki KSh 80,000 nyingine, kwa hiyo jumla ni KSh 160,000 pamoja na gharama halali za kukusanya deni. Ukidaiwa KSh 240,000, una sababu ya kuuliza hizo nyingine zimetoka wapi. Uliza kwa upole na kwa maandishi, ukitaja kifungu hicho.

Jambo jingine linalowapoteza watu: benki ikisema imeliondoa deni katika vitabu vyake, haina maana kwamba imekusamehe. Ni utaratibu wa hesabu zao. Deni bado unadaiwa na bado linaonekana CRB.

Nalo punguzo lililotangazwa na Benki Kuu mwishoni mwa mwaka 2022, lile la angalau asilimia 50 kwa mikopo ya simu ya mabenki ya siku 30 au chini, lilikuwa na mwisho wake: tarehe 31 Mei 2023. Halikuwa msamaha wa madeni yote, na halikuhusu kila mkopeshaji. Najua watu ambao hadi leo hawalipi wakingoja tangazo kama hilo. Usingoje. Punguzo bado linapatikana kwa kuliomba mwenyewe, hasa kwa deni la siku nyingi ambalo benki imeshakata tamaa nalo.

Barua yako inaweza kuwa fupi hivi:

*Kwa Meneja, Idara ya Ukusanyaji Madeni. Mimi ni (jina), kitambulisho nambari (…), mkopo nambari (…). Nakiri kwamba sijamaliza kulipa mkopo huu, na nataka kuumaliza. Naomba mambo matatu. Kwanza, mchanganuo wa deni. Pili, nipunguziwe riba na adhabu ili nilipe KSh (…) kama malipo kamili na ya mwisho, kwa awamu (…) kuanzia tarehe (…). Tatu, mnithibitishie kwa maandishi kwamba baada ya awamu ya mwisho mtapeleka taarifa mpya kwa CRB zote. Nitaanza kulipa mara nitakapopata jibu lenu. Wako mwaminifu.*

Kama deni bado unalipinga, ondoa sentensi ya kukiri. Pia, kama ni la zamani sana, zungumza na wakili kabla ya kuandika. Kisheria dai la mkataba lina miaka 6 ya kupelekwa mahakamani, na kukiri kwa maandishi au kulipa sehemu huanzisha hesabu hiyo upya.

Taja kiasi unachoweza kukitimiza. Awamu ya KSh 3,000 inayolipwa kila mwezi bila kukosa ina faida kuliko ahadi ya KSh 10,000 inayovunjika mwezi wa pili, kwa kuwa makubaliano yakivunjika punguzo hufa na deni zima hurudi.

Kuhusu nani alipwe kwanza, msimamo wangu ni huu: anza na deni lenye wadhamini. Kama wenzako wa sacco walikatwa akiba zao kwa ajili yako, kaa nao, wape ratiba, walipe. Hao ndio utakaowahitaji tena katika hatua ya 6, na hakuna mfumo wa kompyuta utakaokurudishia imani yao. Kisha deni lenye dhamana inayoweza kuuzwa, kama shamba au gari. Madeni madogo ya simu yafuate, moja baada ya jingine, kuanzia dogo kabisa, ili idadi ya mistari mibaya katika ripoti ipungue haraka.

Onyo. Lipa kupitia nambari ya paybill au akaunti ya taasisi pekee. Mkusanya madeni akikupa nambari yake binafsi, hata akiwa na sauti ya mamlaka namna gani, kataa. Na mkopeshaji wa kidijitali akiwapigia jamaa na marafiki zako kukuaibisha, huo ni ukiukaji wa kanuni za mwaka 2022 za watoa mikopo ya kidijitali. Hifadhi rekodi, ulalamike Benki Kuu.

## Hatua ya 4: Fuatilia mpaka ripoti ibadilike

Hapa ndipo wanapoanguka wengi, wakiwa wamebakiza kidogo.

Siku ya malipo ya mwisho, omba barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha. Iwe na jina lako kamili, nambari ya mkopo, tarehe ya malipo ya mwisho, na maneno ya wazi kwamba huna unachodaiwa. SMS ya "asante kwa malipo" haitoshi.

Wape muda wa kupeleka taarifa, kisha chukua ripoti upya. Tazama mambo mawili: salio liwe sifuri, na hali ya mkopo iwe imebadilika. Kama bado, rudi na barua yako kwa mkopeshaji na upeleke nakala CRB kama pingamizi. Rudia kwa kampuni zote tatu.

Elewa jambo moja ili lisikuvunje moyo. Kumbukumbu kwamba uliwahi kukwama hubaki kwa miaka 5 tangu siku ulipomaliza kulipa. Haina maana kwamba umefungiwa mikopo miaka 5. Hakuna sheria inayokataza kumkopesha mtu mwenye historia hiyo. Maana yake ni kwamba atakayeisoma ataona umeanguka na umeinuka. Pia ndiyo sababu kuchelewa kulipa kunakuumiza mara mbili: saa ya miaka 5 haianzi kutembea mpaka deni liishe.

Umefaulu pale ripoti tatu zinaposema kitu kimoja na barua za kumaliza deni zimo ndani ya faili. Kabla ya hapo usiombe mkopo popote.

## Hatua ya 5: Kama ulitangazwa mufilisi na mahakama

Wakenya wachache hufika huku, kwa hiyo ambaye hakufika aruke.

Chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, mtu huondolewa ufilisi miaka 3 baada ya kuwasilisha taarifa ya hali yake ya kifedha, isipokuwa kukiwa na pingamizi. Neno muhimu ni *kuwasilisha*. Kama taarifa hiyo hukuiwasilisha, saa haijaanza. Thibitisha tarehe yako katika ofisi ya Mpokeaji Rasmi, iliyo ndani ya Huduma ya Usajili wa Biashara.

Sheria hiyo pia ina njia nyepesi kuliko ufilisi kamili: makubaliano ya hiari na wadai, amri ya kulipa kwa awamu, na utaratibu wa mtu asiye na mali yoyote. Kama bado hujatangazwa, uliza kuhusu hizo kwanza.

Ukishaondolewa ufilisi, chukua hati, toa nakala, na umpelekee kila mdai wa zamani na kila CRB ukiomba rekodi zifuate hali mpya. Wasipopata hati, hawatajua. Kumbuka pia kwamba madeni yaliyotokana na ulaghai, na amri za matunzo ya familia, hayaondoki pamoja na ufilisi. Na kabla hujaondolewa, usikope bila kumweleza mkopeshaji hali yako; unaweza kuingia katika kosa la jinai.

## Hatua ya 6: Jenga akiba sacco kabla ya kuomba shilingi ya mtu

Mtu aliyeanguka akiulizwa anahitaji nini husema mkopo. Kwanza anahitaji akiba inayoonekana mwezi hadi mwezi. Bila hiyo, ugonjwa mmoja wa mtoto utamrudisha alikotoka.

Sacco ni mahali pazuri kuliko benki kwa kuanzia. Wanakupima kwa akiba yako na kwa watu wanaokujua. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba baada ya muda wa uanachama, kwa kawaida miezi 6, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi ya salio linalopungua imezoeleka.

Chagua sacco moja. Hakikisha ile inayopokea amana ina leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia sacco, na uulize swali ambalo watu hawaulizi: "Je, mnapeleka taarifa za mikopo CRB, hata ile inayolipwa vizuri?" Ukilipa vizuri kwa miaka miwili mahali pasipopeleka taarifa, utakuwa umejenga tabia njema na hiyo ni faida kubwa, lakini ripoti yako itabaki vilevile. Chama cha mtaani kiko hivyo hivyo. Kaa ndani yake, kinakufundisha nidhamu na kinakupa watu, ila usitarajie kionekane CRB.

Weka kiasi kile kile, tarehe ile ile, kwa amri ya benki ya kila mwezi au kwa kukatwa mshahara. KSh 2,000 kila tarehe 5 inasomeka vizuri kuliko KSh 15,000 mwezi mmoja na kimya miezi minne.

Mkopo wako wa kwanza uwe chini ya akiba yako mwenyewe. Ukiwa na akiba ya KSh 24,000, omba KSh 15,000. Hapo sacco haina hofu, na mara nyingi hutahitaji mdhamini. Ulipe kwa muda uliopangwa. Usikimbilie kuumaliza ndani ya wiki mbili, kwa maana unachonunua ni miezi ya kumbukumbu nzuri.

## Hatua ya 7: Mikopo midogo ya simu, kwa kipimo

Mfuko wa Hustler, unaopatikana kwa *254#, ulizinduliwa Novemba 2022 kwa mikopo ya KSh 500 hadi 50,000, siku 14, riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Ukikopa KSh 1,000, asilimia 5 huingia akiba yako na unapokea KSh 950. Riba ya siku 14 ni kama shilingi tatu. Mfuko una kipimo chake wenyewe: ukilipa kwa wakati, kiwango chako hupanda. Utumie kwa bidhaa zitakazouzika ndani ya wiki mbili, kwa mfano mboga, mitumba au unga wa maandazi. Usiutegemee peke yake kubadilisha ripoti ya CRB.

Mikopo mingine ya simu ihesabu kwanza. Ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 inaonekana ndogo. Ukiirudia kila mwezi ni asilimia 90 kwa mwaka. Hakuna genge la mboga linaloweza kubeba gharama hiyo mwaka mzima likabaki na faida.

Kama ni lazima utumie programu ya mikopo, tafuta jina lake katika orodha ya watoa mikopo ya kidijitali wenye leseni, inayochapishwa na Benki Kuu. Halimo? Ondoka. Na usiwe na zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, wala usiombe katika programu tano usiku mmoja ukijaribu bahati. Kila ombi linaacha alama katika ripoti, na anayesoma ataona mtu aliyebanwa.

Fuliza, ile huduma ya kutumia zaidi ya salio lako la M-Pesa, nayo ni mkopo. Mtu ambaye kila shilingi inayoingia M-Pesa yake inamezwa na Fuliza, taarifa yake ya miezi 6 inasema hivyo kwa sauti. Imalize, na uipumzishe miezi mitatu kabla ya kwenda benki.

Onyo. Mikopo ya logbook (inayodhaminiwa na hati ya umiliki wa gari) na ya mashailoki wa mtaani, wakopeshaji wa riba kubwa, iepuke kabisa katika kipindi hiki. Gari au bodaboda inayokulisha isiwe dhamana ya mkopo usio na uhakika nao.

## Hatua ya 8: Rudi benki ukiwa na faili

Nenda benki ambayo mshahara au mauzo yako yanapitia. Kama umekuwa ukiuza kwa pesa taslimu na kuziweka nyumbani, anza kuzipeleka benki au kwenye nambari ya till sasa. Kipato kisichopita popote hakihesabiki, hata kiwe kikubwa.

Mwone afisa wa mikopo ana kwa ana. Usisubiri agundue historia yako, itangulize. "Mwaka fulani nilikwama kwa sababu hii. Nililipa, barua hizi hapa. Tangu wakati huo nimeweka akiba miezi kumi na minne na kumaliza mkopo wa sacco. Taarifa zangu ni hizi." Afisa aliye mbele ya faili iliyopangwa ana kitu cha kupeleka kwa kamati ya mikopo. Aliye mbele ya maneno matupu hana.

Omba kidogo kuliko kiwango chako cha juu. Kama umeajiriwa, jua kwamba makato yote hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Kwa mshahara wa KSh 45,000, lazima KSh 15,000 zibaki. Hicho ni kikomo cha sheria tu. Kwangu, anayetoka kwenye ufilisi asikubali makato ya mikopo yanayovuka robo ya kipato chake kwa mwaka wa kwanza.

Njia moja ambayo haisemwi sana ni mkopo unaodhaminiwa na akiba ya muda maalumu. Unaweka, tuseme, KSh 50,000 katika akaunti isiyoguswa, benki inakukopesha sehemu yake. Riba utailipa, lakini hatari kwa benki ni ndogo, na malipo yako yanaandikwa CRB kama ya mkopaji mwingine yeyote.

Kabla ya kutia saini, dai ratiba ya malipo na jumla ya gharama zote: riba, ada ya kushughulikia, bima, na adhabu ya kuchelewa. Benki moja ikikataa, omba sababu kwa maandishi, irekebishe, kaa miezi mitatu. Usizunguke benki nne ndani ya wiki moja.

## Hatua ya 9: Linda ulichojenga

Weka awamu moja ya mkopo pembeni, katika akaunti tofauti, kabla hujaanza kutumia pesa za mkopo. Mwezi mbaya ukija, awamu hiyo inakuvusha.

Kwa miaka miwili ya kwanza, kataa kuwa mdhamini wa mtu, hata ndugu. Ni vigumu kusema hapana kwa shemeji aliyekufaa, lakini akikwama, deni lake linakufuata wewe. Msaidie kwa ulichonacho mfukoni badala ya saini.

Chukua ripoti zako tatu kila mwaka, mwezi ule ule, uzilinganishe na daftari.

Na ukiona kwamba awamu ijayo hutaiweza, usizime simu. Nenda kwa mkopeshaji mapema, mkopo haujafikisha siku 90, na uombe kupangiwa upya malipo kwa muda mrefu zaidi. Ndani ya siku hizo bado wewe ni mteja mwenye shida ya muda, na afisa ana nafasi ya kukusaidia bila mkopo kuingia katika hesabu ya iliyokwama. Beba barua, taarifa ya kipato ya mwezi huo, na kiasi unachoweza kulipa siku hiyo hiyo, hata kama ni KSh 1,000.